Laki Moja Kila Mwezi, Kutoka Mti Gani?

Aliyebuni akiba ya kila mwezi hakuwa na mbuni hata mmoja shambani. Simjui jina wala kwao, lakini naweza kuapa kwamba mtu huyo alikuwa na mshahara. Alikuwa na tarehe. Tarehe ikifika simu inalia, pesa imeingia, anakata kipande anakiweka pembeni, kinachobaki anakula, na muda unaozidi anautumia kuwashauri wengine. Sisi wa Kibingo hatuna tarehe. Tuna misimu, misimu inategemea mvua, na mvua haijawahi kusaini mkataba na mtu.

Ninalalamika hivi kwa sababu ukutani sebuleni kwangu, kati ya kalenda ya kanisa na picha ya harusi yetu, pamebandikwa jedwali. Limeletwa na binti yetu wa pili, aliyesomea uhasibu, sasa yuko Bukoba ofisini, kwenye kiti kinachozunguka. Alikuja Krismasi akamkuta mama yake amechoka na habari ya madumu. Nyumba tumeiezeka bati, mvua inashuka juu yake inapita zake bondeni, halafu ukifika kiangazi tunaifuata kulekule bondeni tukaibebe kichwani. Binti akauliza simtanki la lita 5,000 ni bei gani siku hizi. Nikamwambia dukani Omurushaka wametaja milioni moja na laki mbili. Akashika simu yake, akagawanya kwa kumi na mbili, uso ukang'aa.

"Baba, kumbe ni laki moja tu kila mwezi!"

Hesabu ilitoka bila baki, na mhasibu akiona hesabu isiyo na baki anaamini Mungu yuko upande wake. Kesho yake akarudi kutoka kwa mwenye kompyuta na karatasi imechapwa. Ina safu tano: Mwezi, Lengo, Kilichowekwa, Kilichobaki, Asilimia. Safu ya Lengo ameijaza mwenyewe hadi Desemba, 100,000 kila mstari, zimepangwa zinapendeza. Safu ya Kilichowekwa ameniachia mimi. Ndivyo tulivyogawana kazi. Chini kabisa ameweka mchoro wa mstari unaopanda kwenda kulia, kichwani una mshale, eti ndivyo akiba yetu itakavyotembea. Mimi kitu pekee nilichowahi kukiona kikipanda hivyo bila kupumzika ni bei ya sukari.

Sasa tuanze na mstari wa kwanza, Januari. Jamani, Januari! Mwezi dume! Nani mwenye akili timamu anafungua daftari la akiba Januari? Maharage ya vuli tunayavuna hapo mwaka unapogeuka, na kabla hayajakauka vizuri yameshavaa sare na kwenda shule. Elimu bila ada tunaijua na tunaishukuru. Ilianza 2016, na 2022 ikafika hadi kidato cha tano na cha sita. Ada kweli imeondoka. Ila haikuondoka na ndugu zake. Kuna sare, kuna madaftari, kuna mchango wa chakula, kuna jembe lenye mpini, kuna fagio, na mtoto anaambiwa asubuhi aje na dumu la maji. Mimi ninadunduliza ninunue tangi la maji, na maji yenyewe yanakwenda shule.

Januari nikaandika sifuri. Februari nikaandika sifuri ya pili, safari hii kwa mwandiko mzuri zaidi. Machi niliuza mikungu kadhaa ya ndizi, nikaweka elfu kumi na tano. Tarehe ya mwisho wa mwezi simu ikaita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

"Tuko asilimia ngapi?"

Zamani mtoto akipiga simu aliuliza afya. Aliuliza na mgongo. Siku hizi mgongo umetolewa kwenye ajenda. Nikamwambia tuko moja nukta mbili tano.

"Ya mwezi huu?"

"Ya mwaka, mama. Ya mwaka mzima."

Akanyamaza hadi nikadhani salio limemwishia. Halafu akasema kwa upole, ule upole wanaofundishwa kazini kwa ajili ya wateja wasumbufu, "Baba, tatizo letu ni nidhamu."

Nidhamu! Mtu aliyeamka alfajiri kupalilia kahawa miaka yote hii anaambiwa habari ya nidhamu na mtu anayeamshwa na simu!

Ngoja niwaeleze ninyi wenye tarehe jinsi pesa inavyofika huku kwetu. Kahawa yetu hasa ni Robusta, inakaa shambani pamoja na migomba. Kuchuma kunaanza Mei kwa wachache, kunapamba moto Juni, Julai na Agosti. Ukishachuma unaanika, unageuza, unaikimbilia mvua ya ghafla, unafukuza kuku. Ikikauka unaipeleka AMCOS, chama chetu cha ushirika, ikiwa ya maganda, inapimwa, inaingia mnadani, bei inatangazwa, halafu unasubiri. Ukitaka kumjua anayesubiri malipo ya kahawa, mwangalie simu ya jirani inapolia: ndiye anayeshika mfuko wake mwenyewe.

Na bei hiyo haipangwi Kibingo. Haipangwi Rubwera yaliko makao makuu ya wilaya yetu ya Kyerwa, wala Kayanga kwa wenzetu wa Karagwe ambao tuliachana nao 2012 Kyerwa ilipofanywa wilaya. (Wilaya tuligawana. Madeni ya harambee za zamani sikusikia nani aliyachukua.) Bei ya Robusta inatazamwa London. Mwaka 2024 ukame uliipiga Vietnam, nchi inayolima Robusta kuliko zote duniani, na ilipofika Septemba tani moja huko London ilikuwa imevuka dola 5,000, kitu ambacho hatukukizoea. Huku kwetu kilo ya maganda, ambayo miaka michache nyuma tulikuwa tukiitoa kwa elfu moja na kidogo, ikapita elfu nne. Watu wakaezeka. Watu wakaoa. Watu wakabadilisha hata namna ya kukohoa. Kisha katikati ya 2025 bei ya London ikateremka, na vikohozi vikarudi vya kawaida.

Angalieni basi mambo yalivyo. Ili mtu wa Kibingo apate tangi la kukingia mvua, inabidi mvua igome kunyesha Vietnam. Nimemwuliza binti yangu habari hiyo inaingia safu ya ngapi. Ameniambia hiyo inaitwa hali ya soko, iko nje ya jedwali. Iko nje ya jedwali lakini ndiyo inayonijazia jedwali!

Kuna ndizi, ndiyo. Ndizi haina msimu mkali, leo mkungu, wiki ijayo mkungu. Lakini pesa ya mkungu ni pesa ya chumvi, sabuni, mafuta ya taa ya bibi ambaye hataki kuusikia umeme, na nauli ya boda kwenda zahanati. Sijawahi kuiona ikilala nyumbani usiku wa pili.

Kwa hiyo Februari, binti yangu anapotaka laki moja, mimi ninayo kahawa. Iko mtini. Iko kijani, mbichi, imejaa matawini. Na hapa ndipo ninapotaka kusikilizwa na wote wanaohubiri akiba ya kila mwezi, kwa sababu ipo njia ya kuipata hiyo laki, na wenyeji wa Kagera wote wanaijua. Inaitwa butura. Mwenye pesa anapita wakati wa maua au kahawa ikiwa bado mbichi, anakukuta na shida yako, anakupa pesa leo, kahawa anaichukua ikiiva, kwa bei aliyoipanga yeye siku ile uliyokuwa huna pa kushika. Serikali inaikataza butura kila mwaka, na kila mwaka inapita njia ya nyuma ya migomba. Mtu wa butura naye ana daftari. Linakwenda kwa mwezi, lina majina, lina safu, na ukilitazama lina nidhamu kuliko hili la sebuleni kwangu. Mimi nikitaka kumfurahisha mhasibu wa Bukoba kila tarehe ya mwisho, ninauza kahawa mbichi kwa bei ya njaa, ninaandika 100,000, asilimia zinapanda, mshale unapanda, na Julai ninakaa kibarazani kuwaangalia watu wengine wakipakia magunia yangu.

Au nikakope. Ipo mikopo huku hadi kwenye vijiji visivyo na lami, ile inayoitwa kausha damu, unasaini leo na kesho unaanza kurudisha. Nikope ili niweke akiba, niweke akiba ili nilipe mkopo. Nadhani jedwali litajaa vizuri sana.

Nilipomweleza binti haya alielewa, maana si mtoto mbaya. Ila watu wa ofisini wakielewa tatizo wanakupa jingine. Akasema, basi baba, hata hicho kidogo usikiweke ndani, kiweke kwenye simu, humohumo kuna kibubu.

Mimi na simu tumefahamiana siku nyingi. M-Pesa ilianza Kenya 2007, kwetu ikaingia 2008, na sitaki kusema uongo, imetusaidia. Zamani pesa ya kumtumia mtoto shuleni ilisafiri kwa kondakta na ilifika imepungua. Lakini simu haifai kutunzia akiba kwa sababu moja tu: inakwenda na mimi kila mahali. Nikienda msibani inakwenda. Wanatangaza rambirambi, yenyewe iko mfukoni inasikia. Nikikaa na shemeji akaanza kunisimulia habari ya mtoto wake aliyelazwa, nitamwambia sina kitu na pesa iko pajani? Mkono unaingia wenyewe. Tena zile pesa za simu zina majira yake. Mnakumbuka tozo ya miamala? Ilianza tarehe 15 Julai 2021. Julai! Katika miezi yote ya Mungu, wakachagua ule ambao mtu wa kahawa ndiyo kwanza anatamka neno muamala. Nchi nzima ikapiga kelele, Septemba wakapunguza asilimia thelathini, na 2023 ile ya kutuma wakaifuta kabisa. Ahsanteni. Kahawa ya 2021 ilikuwa imeshakatwa.

Akiba yangu ya kweli iko kwenye sanduku. Sanduku la kikundi, la bati nene, limepakwa rangi ya bluu, lina kufuli tatu na funguo zake ziko kwa watu watatu wasioelewana. Hilo la kutoelewana halimo kwenye katiba, tumelifikia kwa uzoefu. Utaratibu wenyewe wa vikundi vya sanduku ulianzia kwa akina mama wa Maradi, Niger, 1991, kwenye mradi wa shirika la CARE, ukasambaa Afrika nzima, na sisi tukautia kwenye VICOBA na majina mengine kila kijiji na lake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inatutambua: tumo daraja la nne, na tunatakiwa kusajiliwa. Mara ya mwisho kuambiwa niko daraja la nne ilikuwa matokeo ya kidato cha nne, na wakati ule hakuna aliyenipigia makofi.

Kama mnataka kujua ufuatiliaji wa malengo ulivyo, msiende kwenye jedwali, njoni Jumapili mchana chini ya mwembe. Kila mmoja ana kijitabu. Juu kimeandikwa namba, jina hakuna. Mimi ni kumi na moja, na huko hata mke wangu ananiita kumi na moja, kwa sauti ambayo nyumbani hathubutu. Ndani ya kijitabu kila kikao kina mstari wenye nafasi tano za hisa. Hisa moja elfu mbili. Ukiitwa namba unasimama, unakwenda mbele, unaweka noti kwenye beseni la plastiki, wahesabu wanahesabu kwa sauti watu wote wasikie, halafu mtunza kumbukumbu anapiga muhuri. Muhuri wetu una picha ya samaki, sijui kwa nini, ziwa liko mbali. Ukinunua hisa tano unapata samaki watano. Ukinunua hisa moja unapata samaki mmoja, na zile nafasi nne zilizobaki anazipiga mstari kwa kalamu nyekundu ili mtu asije akazijaza gizani. Anapiga polepole. Rula anayo. Kikundi kizima kimekaa kinya kinakusubiri wewe na samaki wako mmoja mmalize kuaibika ndipo namba kumi na mbili asimame.

Halafu kuna salio. Kabla ya kufunga, mtunza sanduku anatangaza pesa iliyomo, mfuko wa mikopo kiasi gani, mfuko wa jamii kiasi gani, na kila mtu anatakiwa kuondoka nayo kichwani. Kikao kinachofuata mwenyekiti anaweza kumnyooshea kidole yeyote: "Namba nne, sanduku tuliliacha na shilingi ngapi?" Ukikosea, faini. Simu ikilia, faini. Ukichelewa, faini. Nimewahi kumwona mama mmoja akipalilia maharage huku anasema peke yake, laki nane na tisini na tatu elfu mia tano, laki nane na tisini na tatu elfu mia tano. Mpita njia akadhani amerogwa.

Ubaya wa sanduku ni mmoja, na ndio uzuri wake. Halifunguki. Mwenye ufunguo mmoja akienda kuuguza Nkwenda, mmeishia hapo. Nimeona watu wamelizunguka wanalitazama, pesa yao imo ndani, wao wako nje, na hakuna wa kumlaumu. Mwisho wa mzunguko tunalivunja, tunagawana kwa hisa na faida ya riba, na siku hiyo hata wenye funguo wanasalimiana.

Binti yangu analiheshimu sanduku. Tulichogombania ni gata na mbuzi.

Aprili nilipata visenti, nikaona tangi bila gata ni pipa la kuchezea watoto, nikanunua gata vipande kadhaa nikavisukuma chini ya kitanda. Nikaandika thamani yake kwenye Kilichowekwa. Mhasibu akaikata. Eti hayo ni matumizi, si akiba. Mei nikanunua mbuzi jike, nikamwandika. Akamkata naye.

"Baba, mbuzi si fedha taslimu."

"Ndiyo maana hajaazimwa."

Hakuwa na jibu, na hadi leo hana. Nitajie mtu aliyewahi kuja nyumbani kwako asubuhi akasema, waitu mzee, naomba uniazime mbuzi hadi Ijumaa. Noti wanaiazima. Mbuzi akiwa kambani kila mtu anamsalimia na kupita. Na mbuzi huyo amezaa mapacha Agosti. Nilipiga simu mwenyewe safari hii, nikamwuliza asilimia imepanda kiasi gani. Akasema hiyo ni faida ambayo haijathibitishwa. Wako hapa wananyonya, mama, njoo uthibitishe!

Haya mimi sikuyaanza. Wenye nchi hii walijua zamani kwamba akiba ikiwa laini inaliwa. Omukama Rumanyika wa Karagwe, aliyewapokea wapelelezi Speke na Grant Novemba 1861, alikuwa na nyumba yake ya hazina pale Bweranyange. Mpelelezi mwingine, Stanley, alifika miaka kumi na tano baadaye akaingizwa kuiona: mikuki, na sanamu za ng'ombe za chuma na shaba. Ng'ombe wa chuma! Ng'ombe wa nyama mgeni anachinjiwa, mkwe anapelekewa, ugonjwa unapita unafagia. Wa chuma hakuna mgeni anayemtolea macho. Baadaye Wazungu wakaja wakachukua vitu kadhaa vya hazina hiyo, vingine viko makumbusho ya Ujerumani hadi leo, lakini huo ni wizi, haukuwa udhaifu wa mpango. Pita Kibingo leo utaona tanuri la matofali yanayongoja nyumba ya miaka mitatu ijayo, utaona mifuko miwili ya saruji juu ya mbao kwenye kona ya chumba cha wageni. Nani aliwaambia hao hawana lengo? Wanalo, wameligeuza jiwe mapema kabla halijaombwa.

Agosti malipo yakaingia. Nikalipa niliotakiwa kuwalipa, nikanunua dawa za shamba, nikamshonea mama watoto gauni alilonikumbusha tangu Pasaka, nikaweka laki tatu kwa mkupuo. Nikaandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu ya kuazima. Mhasibu akafurahi hadi akachanganyikiwa: kwa mwezi wa Agosti nimefikia asilimia mia tatu, kwa mwaka niko nyuma, na mshale wake haujui uelekee wapi. Alisema nimevuruga mwenendo. Mwenendo gani? Huo ndio mwenendo! Kahawa inaiva kwa pamoja, hainiletei punje laki moja laki moja kila mwisho wa mwezi.

Pamoja na vile vya kwanza vilivyokubaliwa na ofisi ya Bukoba nikawa robo ya safari, na ushee. Nikaona si haba, nikapanda boda hadi Omurushaka kulitazama tangi langu, nilipapase tu. Liko pale nje ya duka, jeusi, limesimama kwenye jua. Nikauliza bei ili nisikie raha. Milioni moja na laki tatu na nusu. Kwa nini? Mwenye duka akaangalia mbinguni akasema dola. Tangu nizaliwe sijawahi kuingia duka ambalo dola imeshuka. Nikarudi nyumbani, nikakokotoa upya: sikutoa senti, sikukopesha mtu, sikunywa hata chupa moja ya rubisi, lakini asilimia zangu zimeshuka. Ishirini na sita imekuwa ishirini na tatu nikiwa juu ya pikipiki.

Na hapo sijafika kwenye harusi. Kamati za harusi zinaijua bei ya London kabla ya AMCOS. Kahawa inalipwa wiki hii, wiki ijayo wageni wamevaa vizuri wako kibarazani. Mila inasema mgeni apewe kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani ya kunukia ikakaushwa, nasi tunaitoa kwa moyo mmoja. Wanatafuna taratibu, wanasifu shamba, wanauliza mbuzi amezaa lini. Kisha mmoja anajifuta vidole anatoa bahasha. Kadi ya singo elfu hamsini, ya dabo laki. Anakula kahawa mkononi, na iliyobaki ananikabidhi kadi niilete mwenyewe ukumbini. Ukikataa, mwanao hataolewa na mtu wa kijiji hiki, na mimi bado nina mabinti wawili, mmoja ndiye huyo wa asilimia.

Nimemwandikia binti jedwali langu, nikalipiga picha nikamtumia. Lina mistari miwili basi, Maharage na Kahawa. Safu ni nne: Kilichoingia, Sanduku, Kilicho chini ya kitanda, na Harusi za watu. Asilimia sikuiweka. Amejibu kwa kunitumia kidole gumba, sijui amekubali au amechoka. La kwake bado liko ukutani, maana limefunika ufa.

Sasa ninyi wenyeviti wa kamati, wa Kibingo na wa majirani zetu hadi Kaisho na Murongo, ninawaomba kitu kimoja kwa heshima zote. Kadi zenu leteni Machi. Kahawa ya kutafuna mtaikuta, kiti mtapewa, na jibu mtalipata hapohapo.